Pima Kwanza, Badilisha Baadaye

Safu yetu ya juma hili yahusu kiyoyozi cha gari, chombo ambacho wengi wetu hukihesabu kuwa anasa, mpaka siku mtu anapompakia mzazi wake mgonjwa wakati wa jua la utosi.

Mwezi wa Februari mwaka jana niliondoka Malindi kwenda Bangale, anakofundisha mdogo wangu. Mama yetu alikuwa akikaa kwake, nami nilitaka kumpeleka kliniki ya shinikizo la damu mjini Garissa. Kabla ya safari, kiyoyozi cha gari langu kilikuwa kikitoa hewa ya moto. Nililipeleka gari kwa fundi, akafungua boneti, akasikiliza kidogo, akatamka: "Kompresa imekufa." Hakupima kitu, nami sikuuliza. Nililipa kwa fedha tulizokuwa tumeziweka kando kwa karo ya muhula, kompresa ikabadilishwa.

Njiani nilijiona nimefanya jambo la maana. Kutoka Malindi hadi Garsen hewa ilikuwa baridi. Niliposimama kwenye kizuizi cha polisi ikawa vuguvugu. Nilipoondoka ikapoa tena. Niliona, lakini sikuzingatia. Siku ya pili tulitoka Bangale na mama, na gari lilipoza vyema hadi Madogo, ambako tulikuta msururu wa magari kabla ya daraja la Mto Tana. Hapo gari likawa tanuri.

"Wanangu," mama akasema, "hiyo baridi yenu yawaka moto, nifungulieni dirisha."

Tulipogeuka, uso wake ulikuwa umebadilika. Tulimteremsha kivulini, tukamlowesha kichwa, tukamnywesha maji kidogo kidogo, na kwa rehema za Mola akarejewa na nguvu. Kliniki tulifika kwa kuchelewa, nami nikiwa na aibu isiyosemeka.

Jioni, tuliporudi Bangale, mdogo wangu aliniitia kijana mmoja fundi. Hakushika spana. Aliniuliza kwanza: "Mzee, lapoza likienda au likisimama?" Swali hilo moja lilinifaa kuliko kompresa mpya.

Ili tuelewe kwa nini, na tukumbuke kwamba kiyoyozi hakitengenezi baridi, bali huhamisha joto. Kompresa huibana gesi mpaka ikawa moto. Gesi hiyo hupita kwenye kondensa, ule wavu mpana ulio mbele ya rejeta, ambako hulitupa joto nje na kugeuka majimaji. Kisha hupita kwenye vali yenye tundu jembamba, shinikizo likashuka ghafla, nayo ikapoa na kunyonya joto la ndani ya gari kupitia evaporeta iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Gari likienda, upepo wa barabarani huipoza kondensa. Likisimama, kazi hiyo ni ya feni peke yake. Feni ikilala, shinikizo hupanda mpaka swichi ya usalama ikaizima kompresa isipasuke. Na kompresa iliyozimwa na swichi yake, kwa mtu asiyepima, haina tofauti na kompresa iliyokufa.

Kijana yule aliwasha injini na kiyoyozi, akatazama feni ya kondensa. Haikuzunguka. Alizima, akaiunganisha feni moja kwa moja na betri, ikazunguka. Basi feni ilikuwa nzima. Akaibadilisha rilei yake na nyingine ya namna ileile iliyokuwa ya honi, hali haikubadilika. Basi rilei nayo haikuwa na kosa. Akaufuata waya kwa vidole mpaka kwenye kiungio chake, akakuta pini moja imeungua. Aliisafisha na kuiunga upya, akaiosha kondensa kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, maana ilikuwa imezibwa na vumbi na mbawa za panzi. Malipo yake yalikuwa shilingi mia chache. Niliporudi Malindi kuiulizia kompresa yangu ya zamani, niliambiwa imekwisha kuuzwa.

Wapenzi wasomaji, yapo mambo ambayo kila mwenye gari aweza kuyachunguza kabla ya kwenda kwa fundi. Kwanza, upepo. Ukitoka dhaifu, huenda chujio la hewa limeziba. Katika magari mengi ya Kijapani hukaa nyuma ya kisanduku kilicho mbele ya abiria. Ukitoka kwa nguvu lakini ni wa moto, tafuta kwingine. Pili, fyuzi na feni. Tatu, sauti: katika magari mengi, kiyoyozi kikiwashwa, klachi ya kompresa hulia "tak" na sahani ya mbele ikazunguka. Nne, madoa ya mafuta kwenye viungio vya mabomba, kwa kuwa mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi, na gesi itokapo huyaacha yakiwa ushahidi. Injini ikiwa yanguruma, tuiweke mbali mikono ya kanzu na ncha za mitandio, kwani feni yaweza kuwaka bila kutuaga.

Nayo matone ya maji chini ya gari yasitutishe. Hewa ya Malindi na Mombasa ina unyevu mwingi, hivyo kiyoyozi kizima hudondosha maji. Bangale hewa ni kavu, na matone huwa machache.

Yaliyobaki ni kazi ya geji za fundi. Gari lililolala kivulini kwenye nyuzi 30, lenye gesi ya R-134a, huonyesha karibu paundi 100 kwa inchi ya mraba kabla ya kuwashwa. Kipimo hicho chasema tu kwamba gesi imo, hakisemi ni kiasi gani. Injini ikiwaka, pande zote mbili zikiwa chini, aghalabu gesi imepungua. Zote zikiwa juu, mara nyingi kondensa haipati hewa au gesi imezidishwa. Upande wa chini ukipanda na wa juu ukishuka, hapo ndipo kompresa yenyewe yafaa kushukiwa.

Na gesi ikipungua, tusikubali kuongezewa tu. Gesi haichomwi kama petroli. Ikipungua kwa haraka, imevuja. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Isitoshe, R-134a huzidi hewa ukaa zaidi ya mara elfu moja kwa kuongeza joto la dunia, ndiyo sababu mataifa yalikubaliana mjini Kigali mwaka 2016 kupunguza gesi za jamii yake. Isiachiliwe ovyo hewani, wala tusiifungue sisi wenyewe: huunguza ngozi kwa baridi kali.

Wengine husema, "Kipuri kipya hakidhuru." Hudhuru. Kila mfumo unapofunguliwa, hewa na unyevu huingia. Usipofyonzwa kwa pampu, unyevu huo huweza kuganda kwenye vali na kuzalisha asidi inayokula chuma. Basi anayebadilisha kwa kubahatisha hupoteza fedha, huuacha ugonjwa palepale, na huenda akauongezea wa pili.

Kwa hiyo tukifika kwa fundi, tumwulize kwa adabu mambo matatu: Umepima nini? Kipimo kimekuonyesha nini? Na kipuri cha zamani nitarudishiwa? Fundi mwaminifu hatachukia, kwa kuwa majibu yatamlinda yeye kama yanavyotulinda sisi. Kule kliniki ya Garissa, daktari hakumwandikia mama dawa mpaka alipomfunga ule mkanda mkononi na kumpima mara mbili. Nilikaa pembeni nikitazama, nikaikumbuka kompresa yangu.

Mama yu hali njema, alhamdulillahi, na kila apandapo gari huuliza kama feni yazunguka. Juma lijalo, inshallah, tutazungumzia betri. Wabillahi tawfiq.