Geuza, kisha zidisha: nani atamweleza mtoto kwa nini?



Wiki mbili zilizopita, baada ya sala ya Magharibi, nilikuwa katika ofisi ya msikiti nikipanga stakabadhi za michango, akaingia binti wa jirani yetu, mwanafunzi wa darasa la sita, na daftari lake la Hisabati. Hakuja kwa sababu amekosa. Swali lake lilikuwa limewekewa alama ya vema: moja na robo tatu gawanya kwa nusu, jibu tatu na nusu. "Ustadhi," akaniuliza, "mbona nimegawanya, halafu jibu limekuwa kubwa kuliko nilichokigawanya?"

Nikamjibu kama nilivyojibiwa mimi nilipokuwa na umri wake: kanuni ndiyo hiyo, sehemu ya pili unaigeuza, ya chini inakwenda juu, kisha unazidisha. Akaitikia kwa adabu, akaondoka. Nami nikabaki na stakabadhi zangu, nikijua fika kwamba sikumjibu.

Jibu lilikuwa dukani kwa Mpemba, hatua chache kutoka mlangoni pangu. Mwenye duka akiwa na kilo moja na robo tatu ya sukari, akataka kuifunga katika mifuko ya nusu kilo, atapata mifuko mingapi? Atajaza mitatu, na robo kilo itakayosalia itajaza nusu ya mfuko wa nne. Mifuko mitatu na nusu. Hapo kugawanya ni kuuliza kipimo hiki kinaingia mara ngapi katika kitu kile, na kipimo kikiwa kidogo, mara zake huwa nyingi. Na kwa nini tunazidisha kwa mbili? Kwa sababu kila kilo nzima ina nusu kilo mbili. Kanuni yote ya kugeuza imetoka hapo.

Lugha yetu nayo huweka mtego. Ukimwambia mtu "gawa nusu", atakata kitu vipande viwili, kila mtu achukue chake. Huko ni kugawanya kwa mbili, si kwa nusu. Mwalimu asiyeuona mtego huo atatunga mfano wa ndugu wawili wanaogawana andazi, na mfano wenyewe utapingana na jibu lililo ubaoni. Mtoto mwerevu atagundua kuwa kuna jambo haliendi sawa. Asipoweza kulisema, atahitimisha kwamba hesabu ni mambo ya kukariri tu na kwamba yeye kichwa chake ni kizito.

Swali hilohilo, kwa tarakimu zilezile, liliwahi kuulizwa walimu wa nchi mbili. Bi Liping Ma, aliyehamishwa kutoka Shanghai akiwa kijana wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni na akafundisha shule ya kijijini, baadaye alikwenda Marekani kusoma. Mwaka 1999 alichapisha kitabu juu ya walimu wa shule za msingi 23 wa Marekani na 72 wa China. Kila mmoja aliombwa akokotoe moja na robo tatu gawanya kwa nusu, kisha atunge kisa cha maisha kinachoendana na hesabu hiyo. Wachina wote 72 walipata jibu. Wamarekani 21 walijaribu, tisa wakafika mwisho kwa usahihi. Kwenye kisa ndipo pengo lilipodhihiri: Wachina 65 walitunga kisa sahihi, na Wamarekani ni mmoja tu. Wengi wao walinaswa na mtego wa andazi, wakachanganya kugawanya kwa nusu na kugawanya kwa mbili.

Jambo la kutafakari ni kwamba Wamarekani wale walikuwa na shahada, ilhali Wachina wengi walikuwa na miaka kumi na moja au kumi na miwili tu ya masomo, chuo cha ualimu kikiwemo. Elimu yao ya kufundisha hesabu hawakuimaliza chuoni. Waliendelea kuijenga kazini: walisoma kitabu cha kiada mstari kwa mstari, wakakaa na wenzao wa shule moja kila mara, wakijadili somo litaanzaje, mtoto atakosea wapi, na mfano upi utamfikisha.

Hapa kwetu mjadala aghalabu huwa juu ya vyeti. Mwalimu wa msingi abaki na cheti cha miaka miwili au apate stashahada? Sipingi stashahada. Ila nauliza, mwaka utakaoongezwa utajazwa nini? Ukijazwa hesabu za sekondari zilizorudiwa, mwalimu atatoka akijua kutafuta thamani ya x, na swali la binti yule litamshinda kama lilivyonishinda mimi. Hesabu ya darasa la pili inaonekana nyepesi, hivyo hakuna anayedhani kuwa mtu mzima anahitaji kuisoma upya. Lakini kuijua kwa ajili ya kuitumia ni jambo moja, na kuijua hadi uweze kumfungulia mtoto ni jingine.

Chukua hata namba zetu. Mtoto anasema kumi na moja, kumi na mbili, na anasikia kumi ndani yake. Akifika ishirini, thelathini, arobaini, sauti ya kumi imepotea, maana majina hayo tuliyapokea kutoka Kiarabu. Kwa Kichina ishirini huitwa "mbili-kumi", na neno lenyewe linamfundisha mtoto kuwa hapo kuna makumi mawili. Mtoto wetu hafundishwi hilo na neno. Ni lazima mwalimu amfungie njiti kumi kumi, amwonyeshe kwamba ishirini ni mafungu mawili na thelathini ni mafungu matatu. Mwalimu asiyeambiwa hivyo chuoni atamwandikia mtoto 52 toa 25 na kumwambia "kopa moja kwa jirani", wala mtoto hatajua kuwa hiyo moja aliyoikopa ni fungu zima la kumi.

Mimi niliwahi kuonja ufundishaji wa namna nyingine, tena katika somo la mirathi. Wengi wetu tulikuwa tumekariri mafungu yote sita: nusu, robo, thumni, theluthi mbili, theluthi na sudusi. Mwalimu wetu akamwaga kokwa 24 za tende juu ya mkeka. Marehemu ameacha mjane, mama na mtoto wa kiume. Mjane thumni, kokwa tatu. Mama sudusi, kokwa nne. Zilizobaki 17 ni za mtoto. "Kwa nini nimechukua 24 na si 20?" akauliza, kisha akanyamaza. Alikaa kimya mpaka mmoja wetu alipoona kwamba 24 ndiyo namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa nane na kwa sita bila kubakisha kitu. Sijapata kuisahau hesabu ile.

Sasa nije kwenye linalonikera. Kamati yetu imetenga fedha kidogo za elimu, na rai yenye nguvu ni kuanzisha tuisheni ya jioni kwa watoto wa darasa la saba. Mzee wetu mwenyekiti anaiunga mkono, nami namheshimu mno. Hata hivyo, katika kikao nilisema, na hapa narudia, kwamba tuisheni itamrudishia mtoto kanuni ileile kwa sauti kubwa zaidi. Serikali ina mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, ambao unataka walimu wajifunze pamoja hukohuko shuleni. Walimu jirani zangu huniambia kwamba vikao hivyo humezwa na taarifa na matangazo, na wenye vipindi vingi hufika wamechoka. Sisi tuna chumba cha madrasa ambacho Jumamosi asubuhi hakina watu. Tuwaalike walimu wa Hisabati wa shule mbili za jirani, tuwape chai na nauli, na kila wiki walete somo moja tu: kukopa katika kutoa, au kugawanya sehemu. Mzee alinijibu kuwa wazazi wamechangia kwa ajili ya watoto, si kwa ajili ya chai ya walimu. Hoja yake ina uzito, na tutaijadili tena Jumapili baada ya Alasiri.

Binti nilimwita tena, nikaweka mezani mzani wa duka, sukari na mifuko. Alipoona robo iliyobaki imejaza nusu ya mfuko, alicheka. Kisha akaniuliza: "Na mifuko ikiwa ya theluthi mbili ya kilo?" Nimemwomba anipe hadi Ijumaa.