Kubana kwa Kiatu Akujuaye Mvaaji



Ametuandikia mama mmoja wa Mombasa anayeishi Abu Dhabi na mumewe. Binti yao wa miaka 11 ajifunza kuteleza juu ya barafu, mchezo ambao Zahra Lari, binti wa mji huo, aliushindania Italia mwaka 2012 akiwa na hijabu yake. Kila baada ya robo saa mtoto huketi, akafungua kamba, akalia kwamba nyayo zamwaka moto. Baba amwona mvivu. Mama auliza anunue soli gani ya ndani.

Kwanza twaomba neno "mvivu" liondolewe. Mtoto mvivu haombi kurudi uwanjani, na huyu huomba kila wiki.

Kiatu cha barafu ni kigumu, tena soli yake ya ndani mara nyingi ni nyembamba na bapa. Wayo wa mwanadamu una uvungu. Uvungu huo ukikosa pa kuegemea, wayo waweza kulalia ndani, na misuli hujikaza muda wote kuuzuia. Huenda moto ule watoka hapo.

Mama auloweshe wayo wa mtoto, kisha amkanyagishe karatasi. Alama ikijaa yote, uvungu u chini; katikati pakibaki ukanda mwembamba tu, uvungu u juu. Hicho ni kipimo cha nyumbani, lakini chatosha kuanzia dukani.

Soli njema hukishika kisigino kama kikombe, na kinundu chake huangukia penye uvungu wa mtoto, si mbele wala nyuma. Iwe thabiti, sponji laini hupendeza mkononi, ikabonyea mguuni. Ile ya zamani itolewe kwanza, kwani kupandanisha mbili hukiinua kisigino na kuvibana vidole. Mpya ikatwe kidogo kidogo kwa kufuata umbo la ile ya zamani, na mtoto aijaribu kwa soksi zile zile avaazo kwenye barafu. Fundi akikipasha kiatu moto kifuate umbo la mguu, soli mpya iwe imo ndani.

Hata hivyo, soli haitibu kila kitu. Kiatu kilichokuwa kidogo hakina dawa ila kubadilishwa. Mguu ukizidi kuinamia upande mmoja, fundi atazame pia kile chuma cha chini, huenda hakikufungwa mahali pake. Na maumivu yakiendelea, au vidole vikifa ganzi, aonwe daktari.

Kwa baba twasema kwa heshima: wahenga walinena kuwa adhabu ya kaburi aijua maiti. Mwili wa mtoto ni amana mikononi mwetu, na kumsadiki asemapo panauma ni sehemu ya kuilinda. Mtoto asiyesadikiwa leo kwa uchungu wa wayo, kesho ataficha uchungu mkubwa zaidi.

Wallahu a'lam.