Msiwasingizie wakusanya kodi

Mara nyingi mwaka wa fedha unapofungwa Juni, lawama ni zile zile: Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA) haikufikia lengo, Wakenya ni wakwepa kodi. Sikubali. Wakwepaji wapo, na maafisa wala rushwa wapo pia, lakini pengo hilo mara nyingi huzaliwa mapema, Hazina ya Kitaifa inapoandika tarakimu ya mapato.

Mtu mwenye busara hupima kipato kabla ya kupanga matumizi. Serikali yetu hufanya kinyume. Ahadi za kampeni, barabara za waheshimiwa na riba za mikopo hujumlishwa kwanza, kisha makadirio ya mapato yakapandishwa mpaka nakisi ionekane ndogo machoni pa mkopeshaji na mpiga kura. Nani atathibitisha leo kwamba uchumi wa mwakani hautakua kiasi cha kuleta mapato hayo?

Tazameni 2024. Bajeti ilihesabu takribani shilingi bilioni 346 za Mswada wa Fedha ambao ulikuwa haujawa sheria. Vijana wakaandamana, damu ikamwagika Juni 25, na kesho yake Rais akatangaza kuuachilia mbali. Siku mbili baadaye alitia saini sheria ya matumizi iliyotegemea fedha hizo hizo, huku akiagiza makato kupitia bajeti ya nyongeza. Kaunti, zilizokuwa zimetengewa bilioni 400.1 kisheria, zikaishia kupata bilioni 387.4 baada ya Bunge la Taifa na Seneti kuvutana kwa miezi.

Makato hayo huwaumiza wasio na sauti. Riba ya deni haikatwi; hukatwa kisima, zahanati, barabara ya kijijini. Mwanakandarasi aliyekopa benki ili amalize kazi huzungushwa ofisi hadi ofisi na benki ikapiga mnada mali yake. Mwaka huo wa 2024, madeni ambayo serikali kuu ilikuwa haijawalipa watu kama yeye yalipita bilioni 500.

Chile, inayotegemea shaba, imeacha kwa miaka mingi wataalamu huru wakadirie bei yake ya muda mrefu kabla ya bajeti kupangwa. Sisi tuna Ofisi ya Bajeti ya Bunge, ambayo huonya, lakini Hazina hailazimiki kuisikiliza. Bunge lirekebishe Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, makadirio yatolewe na jopo lisiloteuliwa wala kufutwa na waziri. Wabunge watakaokuja kutuomba kura 2027 waulizwe hilo kwanza.