Upele Baada ya Dawa: Nani Ataandika?

Ukipewa dawa hospitalini kisha ukatokwa na upele, hufanya nini? Wengi wetu huacha dawa na kunyamaza. Mganga naye akiambiwa, mara nyingi hubadilisha dawa, basi. Yaliyotokea hayaandikwi popote.

Ukimya huo una hasara. Zamani wagonjwa wengi wa kifua kikuu katika nchi zetu walitibiwa kwa thiasetazoni, kwa kuwa bei yake ilikuwa ndogo. Ukimwi ulipoingia, baadhi yao walichubuka ngozi mwili mzima, na wengine walikufa. Kila mmoja alionekana ana bahati mbaya tu. Mwaka 1991 watafiti waliowafuatilia wagonjwa huko Nairobi, wakaandika na kulinganisha, walitangaza kwamba wenye virusi vya Ukimwi ndio walioumizwa zaidi na dawa hiyo. Baadaye Shirika la Afya Duniani lilishauri wasipewe.

Kwa maoni yangu, mwanafunzi wa udaktari asihitimu kabla hajajaza kwa mkono wake fomu ya madhara ya dawa, akiwa wodini pamoja na mwalimu wake: jina la dawa, kipimo, siku ilipoanza, dalili zilizofuata. Asisubiri uhakika, shaka yatosha. Akilisoma somo hili darasani tu, atalisahau.

Nasi nyumbani tuna wajibu. Tutunze pakiti ya dawa. Tukiona dalili ngeni, tusikae kimya, turudi upesi kwa mganga, kisha tumwulize kwa heshima: "Daktari, umeandika?"