Nyumba Nayo Ipewe Tarumbeta Lake

Askari huamka alfajiri tarumbeta liliapo. Viatu hupigwa rangi, kofia hunyooshwa, na saa ifikapo yu tayari katika mstari. Hakuna athubutuye kusema kwamba gwaride na lingoje kesho. Lakini askari huyo huyo arudipo nyumbani, chandarua kimetoboka tangu mwezi uliopita, shamba la maharagwe lingali pori ilhali mvua zimekwisha anza, na kadi ya kliniki ya mtoto imelala chini ya godoro. Kila akikumbushwa na mkewe, jibu ni moja: kesho.

Mtu huyu si mvivu. Gwaride lina saa yake na tarumbeta lake. Mambo ya nyumbani hayana. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na mara nyingine huumiza zaidi ya matumbo. Chanjo ya surua hutolewa mtoto atimizapo miezi 9, kwa kuwa wakati huo kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwa mama yake imekwisha pungua. Surua huenea upesi mno penye nyumba zilizosongamana kama za kambini, wala haingoji baba amalize zamu.

Dawa yake ni kuipa kila kazi wakati na mahali. Asiseme mtu, “Nitashona chandarua.” Aseme, “Jumamosi, nikimaliza chai ya asubuhi, nitashona chandarua.” Kadi ya mtoto itundikwe ukutani, mahali pa kuonekana na wote. Shamba nalo lilimwe kipande kimoja kila jioni, badala ya kungojea likizo.

Mwaka 2009 wataalamu wa chuo kikuu kimoja cha London walitoa uchunguzi juu ya watu 96 waliojizoeza jambo jipya kila siku, wakilifungamanisha na jambo la kawaida kama kifungua kinywa. Kwa kadiri zilihitajika siku 66 jambo hilo liwe mazoea. Kwa wengine siku 18 tu, na kwa wengine zaidi ya 200. Aliyekosa siku moja hakuharibu kitu, mradi aliendelea.

Kurutu hajui kupiga hatua siku ya kwanza. Hujua kwa kurudia. Nyumba nayo ni vivyo hivyo. Basi jioni ya leo, kabla taa haijazimwa, kadi ya mtoto na itolewe chini ya godoro, tarehe yake isomwe na baba na mama pamoja.