Elimu Iliyofungiwa Katika Herufi

Walimu wenzangu, hebu shikeni ncha mbili za mnyororo, muuache uning'inie. Umbo lake, likipinduliwa, ndilo umbo bora la tao. Mnyororo huvutwa tu. Tao hilo hugandamizwa tu. Na jiwe, ambalo ni dhaifu likivutwa, ni jabari likigandamizwa.

Kanuni hiyo aliigundua Mwingereza Robert Hooke. Lakini katika kitabu chake cha mwaka wa 1676 hakuieleza. Alizipanga herufi za kauli yake ya Kilatini kwa utaratibu wa alfabeti, zikawa fumbo, ili asipokonywe sifa ya ugunduzi. Fumbo hilo lilifumbuliwa hadharani mwaka wa 1705, miaka miwili baada ya kifo chake.

Christopher Wren hakuhitaji kungoja. Alikuwa rafiki wa Hooke, na pamoja walishughulikia ujenzi wa London baada ya moto wa mwaka wa 1666. Katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, lililoanza kujengwa mwaka wa 1675, kuba linaloonekana nje ni la mbao zilizofunikwa kwa risasi. Mzigo wa mnara wa mawe ulioko kileleni hubebwa na pia ya matofali iliyofichwa ndani. Jengo hilo, lenye kimo cha mita 111, lingali imara. Aliyeambiwa maana alijenga. Wengine waliachiwa herufi.

Nasi je? Nimewafunza wanafunzi wanaoikariri kanuni ya fizikia kwa Kiingereza, neno kwa neno, lakini ukiwauliza maana yake, kwa lugha yoyote ile, wananyamaza. Wamebeba herufi za Hooke.

Yamkini baadhi yenu mtasema Kiswahili hakina istilahi. Mnyororo, tao, kuba, tofali: ni neno gani hapo lililokosekana? Sisemi Kiingereza kitupwe, kwani mitihani yaja nacho. Nasema maana itangulie kwa lugha anayoielewa mtoto, kisha istilahi ya Kiingereza ifuate. Nanyi wanafunzi, msione haya kuuliza.

Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Methali hiyo isiwe kisingizio chetu darasani. Mwalimu huajiriwa kumwambia maana yule yule asiyeijua.