Programu ya zamani si takataka

Leo nataka kugombana kidogo.

Kwenye darasa letu la Kiingereza la jioni kuna mama anabeba simu mbili. Moja mpya, katumiwa na mwanawe. Nyingine imepasuka kioo, chaji haifiki mchana, lakini ndimo kamusi yake ilimo. Alirushiwa kwa Bluetooth tukiwa bado Nakivale. Haili bando, haiombi intaneti. Simu mpya imeikataa, ati imepitwa na wakati. Sasa maneno ya Kiingereza nayo yamepitwa na wakati?

Hii si bahati mbaya, ni uamuzi wa watu. Apple iliacha programu za biti 32 kwenye iPhone mwaka 2017, na kwenye kompyuta zake mwaka 2019. Windows 11 haiendeshi programu za biti 16. Android 14, iliyotoka 2023, inakataa kuwekewa programu iliyoandaliwa kwa matoleo ya kabla ya Android 6.0 ya mwaka 2015.

Najua jibu la mafundi na silidharau. Zamani ukiweka programu, unaipa ruhusa zote palepale: namba, meseji, kamera. Kuanzia Android 6.0 lazima iombe inapozihitaji. Wezi wakaanza kutengeneza programu mpya zinazojifanya za zamani, ili zisiulize. Sisi ambao pesa yetu yote iko kwenye simu tunajua hasara ya meseji kusomwa na mwizi. Hapo nawapa haki yao.

Lakini kumbe mlango haujafungwa! Ukiwa na kompyuta, waya na amri moja ya kuandika, Android 14 hiyohiyo inaipokea programu ileile. Yaani mwenye kompyuta anaaminiwa, mama wa simu mbili haaminiwi. Kwa nini simu isiipokee na kuifungia chumbani kwake, isione meseji wala namba, na imuulize mwenyewe kwanza? Msiniambie haiwezekani. Wine, programu ya bure iliyoanza 1993, inaendesha programu za Windows za biti 16 ndani ya Linux ya leo, na kati ya walioitengeneza wapo watu wa kujitolea kama mimi.

Mtasema kutunza vya zamani ni gharama. Kweli. Ila wakiacha wao kuilipa, haipotei, inatuhamia sisi: bando la kupakua kamusi nyingine, tena yenye matangazo, au simu nyingine kabisa.

Na ninyi ndugu zetu wa mashirika, mnapokuja kubadilisha kompyuta za kituo, tuulizeni kwanza ndani kuna nini. Msifute tu.

Faili la kamusi nimeshalitoa kwenye simu ya zamani. Waya ninao. Natafuta mwenye kompyuta ya kuniazima saa moja tu kabla ya Ijumaa, maana mama ana mtihani.